Choo kukuwasha koo si usafi

Hapa kwetu Lamu nyumba ikioshwa lazima jirani ajue. Harufu ya jiki itoke mpaka kichochoroni, mtu apite akohoe, ndio tuseme leo fulani kafanya usafi kweli. Hili jambo laniudhi siku nyingi na leo nalisema vile lilivyo: ile harufu inayokukaba koo na kukutoa machozi si usafi, ni dawa inaingia kifuani mwako, na anayeivuta zaidi ni yule aliyeinama na brashi mkononi, ambaye karibu kila nyumba ni mama au dada wa kazi.

Mambo yaanzia kwenye maji. Maji ya visima vingi hapa yana chumvi, yakikauka chooni yaacha ule ukoko wa manjano ambao sabuni haiutoi hata usugue vipi, kwa hivyo watu wanunua asidi. Asidi yatoa ukoko, sikatai, lakini sasa mtu ataka na choo kinukie, basi hapo hapo yuamimina na jiki juu yake akiamini dawa mbili zashinda moja. Jamani! Jiki ni sodiamu haipokloraiti, ikikutana na asidi yatoa gesi ya klorini, ile ile ambayo Wajerumani waliwafungulia maadui zao vitani kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Na ni gesi nzito kuliko hewa, yaani yakaa chini, pale pale ulipochutama wasugua. Na vyoo vya hizi nyumba zetu za mawe si mwavijua, kuta nene, kidirisha kidogo kama kipo, mlango umerudishwa maji yasitoke nje. Jirani yangu alitolewa chooni ameshikwa huku na huku, macho mekundu, pumzi yalia kama filimbi, na waliomtoa nao wakaanza kukohoa. Alipona alhamdulillah lakini kifua kilimsumbua muda. Hata jiki juu ya mkojo uliolala yatoa gesi yake nyingine ya kuwasha, manake mkojo ukikaa una amonia, kwa hivyo choo kimwagie maji mengi kwanza.

Na si lazima ikuangushe siku moja. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walitoa matokeo ya watu zaidi ya 6,000 waliofuatiliwa kwa miaka 20, wakakuta wanawake wanaosafisha mara kwa mara, wa nyumbani kwao na wa kazi, mapafu yao yapungua nguvu haraka kuliko wale wasiosafisha. Kwa wanaume hawakuiona tofauti hiyo. Sasa fikiria dada anayefanya kazi nyumba za wageni kule Shela, chumba baada ya chumba, yuapuliza dawa za kioo na za choo madirisha yamefungwa, nani amemwambia afungue? Nani kampa glavu? Wenye nyumba mwajua bei ya usiku mmoja, glavu si pesa ya kuuliza.

Kitu kingine ni chupa. Pita duka lolote la vichochoroni uangalie chini karibu na mlango, utaona chupa za soda za nusu lita zimepangwa, moja ina sabuni ya maji, moja jiki, moja mafuta ya taa, pengine na asidi, hakuna hata moja iliyoandikwa kitu, na zote ziko kimo cha mtoto wa miaka miwili. Mtoto na joto hili aione chupa ya soda aiache? Tena jiki ikikaa juani kwenye chupa nyeupe ipitishayo mwanga yapoteza nguvu, ndio sababu mtu yuazidisha kipimo kila mara akiona haing'arishi.

Mtoto akinywa usimtapishe, manake ile dawa iliyounguza koo ikishuka itaunguza tena ikipanda. Tusimlazimishe maziwa vilevile, najua bibi zetu ndivyo walivyotufunza. Msukutue mdomo, kimbia hospitali na chukua na ile chupa. Ikiruka machoni, maji safi yanayotiririka dakika 15 mpaka 20, usianze kutafuta dawa.

Kwa ukoko jaribu siki, imwage usiku ilale, asubuhi sugua. Itachukua siku kadhaa, sawa. Lakini siki nayo ni asidi, isikutane na jiki kabisa.

Na nyinyi wenye maduka, nawaomba kwa heshima, hizi dawa msizitie kwenye chupa za soda. Tafuteni madumu madogo ya plastiki, andikeni kwa kalamu nene JIKI, ASIDI, muyapandishe rafu ya juu, na akija mtu kununua zote mbili kwa pamoja mwulizeni yuaenda kuzifanyia nini.