Godoro likishatoka nje tumechelewa

Jumamosi moja ya Julai, nikiwa natoka kununua vitafunwa, nilikuta godoro limeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Pembeni kulikuwa na sufuria zilizofungwa kwenye khanga, jiko la mkaa lenye majivu ya jana, na sare ya shule imetundikwa kwenye msumari kwa sababu ilikuwa bado mbichi. Mwenye vitu ni mama tunayenunua maandazi kwake. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anaongea na simu kwa sauti ya mtu ambaye ameshaomba kwa wengi.

Mpaka adhuhuri mtaa ulikuwa umeonyesha moyo. Mmoja kaleta sembe kilo mbili, mwingine elfu tano, mimi elfu kumi. Kijana wa bajaji akahamisha vyombo bure hadi kwa dada yake huyo mama, Mbagala. Tukarudi majumbani tumeridhika.

Jioni ndiyo nikapiga hesabu. Kodi yake ilikuwa 50,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo, 300,000. Dar ndivyo tunavyopanga: miezi sita, wengine mwaka mzima, na ukihamia kwingine dalali anachukua mwezi wake juu. Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ikafutwa 2005. Tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wanaelewana wenyewe, na kuelewana huko mnajua kunavyokwenda. Yule mama alikuwa na kibubu. Mwezi wa tano mtoto aliugua, kibubu kikapasuliwa. Siku ya kutolewa alikuwa na 180,000 mkononi.

Yaani alipungukiwa 120,000. Wiki hiyohiyo mimi nilikuwa nimeahidi 100,000, kadi ya double, yaani ya watu wawili, kwenye harusi ya mtu ambaye jina la baba yake silijui.

Sina ugomvi na harusi. Ninachosema ni kwamba tunajua sana kuchanga, tena kwa utaratibu: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, orodha ya ahadi inayorushwa kwenye kundi kila jioni mpaka ulipe. Msiba nao una daftari. Kodi ya jirani haina kamati wala daftari, na mwenyewe anaona haya kusema. Atakwenda kwanza kwa watu wa mikopo ya kausha damu, wamchukulie na televisheni, kabla hajakugongea mlango.

Hata sadaka zetu zina mazoea yake. Ijumaa tunagawa sarafu kwa wanaopita madukani. Ramadhani ikiingia tunabeba tende, sukari na unga. Vyema. Lakini ile aya ya 60 ya Sura ya Tawba inayotaja makundi manane ya wanaostahili zaka, wenye madeni wamo. Ni lini mara ya mwisho umesikia mtu katoa zaka kumlipia mpangaji deni la chumba?

Nimeshaambiwa kwamba tukianza kuchangiana kodi watu watazoea. Labda wapo watakaozoea. Ila anayeamka saa tisa usiku kukanda unga sidhani kama anatafuta njia ya kukaa bure. Na kumwacha atoke kuna gharama zaidi: chumba kipya ni miezi sita mingine, na dalali, na mtoto kuhama shule, na wateja wa maandazi ambao hawahami naye. Akiwa Mbagala anaanza kutafuta mteja wa kwanza.

Mwenye nyumba simlaumu sana. Ni mzee mstaafu, kodi ya vyumba vile vitatu ndiyo dawa zake za presha. Alichotaka ni uhakika, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumpa.

Oktoba ikawa zamu ya kijana wa bodaboda, chumba cha pembeni. Safari hii tulisikia mapema, kwa sababu mjumbe alituambia watu watano tu, kimyakimya. Tukatoa 20,000 kila mmoja, tukampa mkononi mwenyewe akalipe. Wengine walitaka tumtumie mzee moja kwa moja. Nikakataa, maana hapo ingekuwa habari ya mtaa mzima. Mzee alikubali miezi mitatu kwanza. Kijana yupo mpaka leo, na asubuhi anatuamsha na ile pikipiki yake isiyo na ekzosi.

Kuna harusi nyingine Desemba. Ahadi yangu nimeishusha kutoka double kuwa single. Katibu wa kamati akanipigia kuuliza kulikoni, nikamweleza habari yote, ya godoro na ya kibubu. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama hiyo single nitailipa kabla ya tarehe 15.