Bukavu ndege wadogo bado wapo
Eti kunguru wamewamaliza ndege wadogo wote wa mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ndivyo makala moja niliyoisoma inavyodai. Mimi nakataa. Ni kweli kunguru huiba mayai, nimewaona. Lakini katika parseli (kiwanja) yetu hapa komuni ya Ibanda, kwenye migomba na mti mmoja wa avoka, ndege waitwao kwera wanachana majani ya mgomba nyuzi nyuzi na kusukia viota (mama anayaonea uchungu majani yake, ila hawafukuzi), na ndege waitwao chozi wanafyonza utamu kwenye ua la mgomba. Mwenye macho kuliko wote ni ndege aitwaye shore. Paka akipita chini, au nyoka akitokeza, yeye ndiye anayeanza kelele, na mara wengine wanakuja kumzingira adui huyo mpaka aondoke. Hata hao kunguru wenye kifua cheupe nimewaona wakimkimbiza mwewe aliyetoka upande wa Ziwa Kivu, vifaranga vyetu vikapona. Kinachowaondoa ndege wadogo ni miti kukatwa kila parseli inapogawanywa ili kujenga nyumba nyingine. Ninyi wa komuni nyingine za Bukavu, Kadutu na Bagira, kwenu miti ingali imesimama?