Chungu cha Uvinza Kina Mengi Kuliko Sanamu ya Stanley

Muulize mwanafunzi wa sekondari hapa Kigoma habari za watu wa kale, atakutajia mafarao na piramidi zao. Akiwa makini atakutajia na Oldupai, na fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana mwaka 1959. Muulize sasa watu wa kale wa Uvinza, humu humu mkoani Kigoma, waliishije. Atakutolea macho tu. Lawama ni yetu sisi watu wazima, tunaompeleka makumbusho ya Ujiji akaone sanamu za wasafiri wa Kizungu Livingstone na Stanley wakisalimiana, tukampiga picha chini ya mwembe, tukarudi nyumbani.

Mwaka 1871, walipokutana hao wawili, una uzito wake Ujiji, sibishi. Tena ningependa mtoto aambiwe kwamba mabwana wale hawakufika peke yao: kulikuwa na wasaidizi Waafrika, kina Susi na Chuma upande wa Livingstone, Sidi Mubarak Bombay upande wa Stanley, na wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakibeba mizigo kati ya pwani, Tabora na ziwani. Lakini miaka mia na hamsini ni juzi. Ukale wa mkoa huu uko kwenye chumvi.

Pale Uvinza, karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia mto Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1967 mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walichimba pale. Walichokikuta kinaonyesha kwamba watu walikuwa wakichemsha maji yale kupata chumvi tangu karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo. Wakati huo hata Uislamu ulikuwa haujaanza, na Kilwa haikuwa na msikiti hata mmoja wa mawe. Hapa kwetu watu walikuwa kazini, kiangazi baada ya kiangazi, maana masika maji ya mvua na ya mto huizimua chumvi. Katika karne ya 19 wasafiri waliikuta chumvi ya Uvinza ikiuzwa mbali sana, na watawala wa Kivinza wakitoza ushuru wao. Mgodi wa chumvi upo pale hadi zama zetu.

Watu wale hawakuandika kitabu. Walituachia vigae, yaani vipande vya vyungu vyao, na kigae ni sanaa. Hapo ndipo makumbusho yanapolishinda darasa. Mwalimu anaweza kusema "walikuwa na ufundi" mara kumi na mtoto asisikie kitu, lakini mweke mbele ya chungu umwachie muda, usimharakishe. Ataona mdomo ulivyokunjwa, michoro iliyotiwa shingoni udongo ukiwa mbichi, masizi yaliyoganda chini. Ataanza kuuliza mwenyewe: chungu cha kuchemshia tu, mbona kimepambwa? Nani alikifinyanga? Kuni zilitoka wapi? Pale Uvinza vigae vya tabaka za chini za udongo, zilizo za kale zaidi, havifanani na vya tabaka za juu. Yaani mitindo ilibadilika, mikono ikapokezana, kazi ikaendelea. Mtoto akiyaona hayo kwa macho yake, hutamwambia tena kwamba Afrika ya zamani ilikuwa imelala ikingoja wageni, akakubali.

Tabora nako wana chao. Wachonga mbao wa Kinyamwezi walitengeneza viti vya enzi vyenye mgongo mrefu, na mgongoni wakachonga umbo la mtu. Kimoja cha karne ya 19 kiko Metropolitan Museum, New York. Mtu wa New York anakiona akitaka. Mtoto wa Urambo, nyumbani kwa mtemi Mirambo, anakiona kwenye simu, tena mjomba akiwa na bando. Hilo linaniuma. Natamani kirudi, na hata kabla hakijarudi natamani mafundi wa Tabora walipwe wachonge mfano wake, uwekwe Kwihara, karibu na Tabora, kwenye tembe, yaani nyumba, aliyokaa Livingstone, na watoto waruhusiwe kuugusa.

Wasukuma wametuonyesha njia. Pale Bujora, karibu na Mwanza, makumbusho yao yamejaa ngoma na viti vya watemi, na ngoma zinachezwa kweli. Ujiji tunaweza. Chumba kimoja cha Uvinza kingetosha kuanzia: vigae, ramani ya njia za chumvi, na mama mfinyanzi aliyelipwa kukaa pale akifinyanga watoto wakimtazama na kumuuliza maswali.

Na walimu wa historia wa Kigoma na Tabora wasingoje chumba hicho. Reli ya kati inapita Uvinza. Ombeni ruhusa kwa wenye mgodi na serikali ya kijiji, mwende kiangazi chemchemi zikiwa wazi. Wanafunzi wakiona kigae wakichore kwenye daftari, wakiache palepale kilipo, maana kikihamishwa hakuna tena atakayejua kilitoka tabaka gani.