Msimbazi: mto uchimbwe au uachiwe bonde lake?

Masika yakikaribia, mjadala wa mafuriko ya Mto Msimbazi pale Jangwani, Dar es Salaam, huanza upya. Wapo wanaotaka mto uchimbwe, upanuliwe na daraja liinuliwe. Wengine wanasema mto haukukosa kina, umeporwa nafasi. Pande zote zina hoja nzito, lakini zote huzungumza kana kwamba bahari haihusiki.

Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, hutiririka takriban kilomita 36 na kuingia baharini penye Daraja la Selander. Huko juu maji hushuka kwa nguvu, yamebeba mchanga. Yakifika Kigogo na Jangwani ardhi ni tambarare, kasi hukatika na mchanga hutua. Kutoka upande wa pili inakuja bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa Dar es Salaam hupita mita 3, na maji hujaa yapata saa kumi, alfajiri na jioni. Mvua ya Pugu ikiteremka wakati huo hukuta mlango umebanwa, na hulazimika kungoja saa kadhaa hadi bahari irudi. Swali kubwa ni moja: yatangojea wapi maji hayo?

Wanaotetea uchimbaji wana ushahidi mbele ya macho. Mchanga umepandisha sakafu ya mto, maji huruka Barabara ya Morogoro, na karakana ya mabasi yaendayo haraka imefurika mara nyingi. Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia mwaka 2022, umefuata mkondo huo: daraja jipya la mita 390, mto mpana zaidi, na udongo utakaochimbwa kuinulia kingo zipate kujengwa. Daraja refu ni la lazima, sioni hoja ya kulipinga. Faida nyingine haitajwi sana: mkondo wenye kina huingiza maji mengi ya bahari, nayo yakipwa husaidia kusukuma tope lililoziba mdomo wa mto.

Kwenye kuinua kingo ndipo nasita. Kina kilicho chini ya usawa wa maji kujaa hakihifadhi mafuriko wakati wa bamvua, kwa sababu bahari imeshakijaza. Nafasi yenye faida saa hiyo ni ile iliyo juu ya usawa huo, yaani bonde lenyewe. Ukichimba mita 1 katikati na kujaza mita 1 pembeni, kwenye karatasi hesabu inalingana. Saa kumi jioni ya bamvua hailingani.

Hatari yenyewe haikuwa siri. Mpango mkuu wa jiji wa 1979 ulilitaja bonde hili kuwa eneo hatarishi. Watu walijenga kwa sababu Kariakoo iko karibu na riziki ipo huko. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wasiopungua 40 jijini, familia nyingi zilipelekwa Mabwepande, mbali na katikati ya jiji, na baadhi zikarejea bondeni. Kuhamisha watu bila kuwafikiria nauli ni kuwaandalia safari ya kurudi.

Mikoko nayo iingie kwenye hesabu. Karibu na Selander, maji yakipwa, utaona mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, imechomoza wima kutoka kwenye tope, imenasa chupa na mifuko. Mti huvuta hewa kwa mizizi hiyo. Mchanga ukiifunika yote, mchu hukauka, na tope lililokuwa limeshikwa huachiwa.

Ndiyo maana kuchimba Jangwani pekee hakutoshi. Pugu na Kinyerezi viwanja vikiendelea kukwanguliwa majani, shimo litajaa tena. Wengine wanapendekeza mchanga uuzwe kwa wajenzi ili kazi ijilipe. Wazo ni zuri, ila mchanga wa karibu na mdomo una chumvi, na chumvi hula nondo ndani ya zege. Pia umepita chini ya machinjio na mabwawa ya majitaka ya Vingunguti. Mitego ya mchanga ijengwe juu zaidi, upande wa Kinyerezi, palipo na njia ya malori, isafishwe kabla ya vuli na tena kabla ya masika. Mchanga wa huko haujagusa maji ya bahari, unauzika.