Nakivale au Kampala: mtu wa Goma akae wapi Uganda?

Tangu waasi wa M23 wauteke mji wa Goma Januari 2025, familia nyingi hapa Goma zina ndugu aliyevuka kwenda Uganda, na simu zao zinarudia swali moja: nikae Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi, au niende Kampala? Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini. Ila msaada uko kambini. Anayechagua mji anajitegemea.

Wanaotetea kambi wana hoja nzito. Nakivale inapokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na mtu anapewa mahali pa kusimamisha kibanda, na shitingi ya kuezekea. Mama mwenye watoto wadogo, mume kabaki nyuma, analala bila hofu ya mwenye nyumba. Lakini maisha ya huko yamebadilika. Tangu 2023 PAM, Shirika la Chakula Duniani, inawapanga wakimbizi kwa makundi ya uhitaji, na wengi wametolewa kwenye orodha ya chakula. Kiwanja peke yake hakimlishi mtu wa Birere, mtaa wa biashara wa Goma, aliyezoea kuuza leo ale leo.

Kampala, upande wa Nsambya na Katwe, Kiswahili chetu kinasikika na makanisa ya Wakongomani hayakosekani. Fundi cherehani au msusi hupata wateja. Wanawake wengi hutembeza vitenge: vimekunjwa kwenye mkono mmoja, kimoja kimetandazwa begani ili rangi zionekane, wanaingia duka hadi duka. Siku askari wa jiji wakimkamata kwa kukosa leseni, bidhaa inakwenda, na ndiyo ilikuwa mtaji wote. Tena kabla ya kuuza chochote kuna chumba: komisioneri, yaani dalali wa nyumba, anataka chake, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa mbele. Pesa iliyotoka Goma inaisha kabla godoro halijanunuliwa.

Shule haiamui sana. Kote ni Kiingereza, na mtoto aliyesomea Kifaransa mara nyingi hurudishwa madarasa ya chini.

Kinachoniuma ni kuona familia zikimsukuma kila mtu Kampala kwa sababu mji una heshima. Mwenye ufundi mkononi na ndugu wa kumpokea miezi ya kwanza, aende. Mama aliye peke yake na watoto wadogo aanzie kambini hata kama chakula kimepungua, kwa sababu kodi ikimshinda mjini, watatupwa nje wote.

Wengine wanagawana: baba anatafuta kazi Kampala, mama na watoto wanabaki Nakivale. Naiona ni njia nzuri kwa walio wengi, ila ina bei yake. Uhakiki wa wakimbizi ukitangazwa, kila mtu anatakiwa afike mwenyewe aweke alama za vidole, na asiyeonekana anaweza kufutwa kwenye orodha. Baba huyo aweke nauli ya kurudi Isingiro, wilaya iliko Nakivale, pembeni, asiiguse hata kwa kodi.