Tunamlaumu jaji, wenye shoo tunawaacha

Kila msimu wa mashindano ya kuimba ukianza kwenye TV kelele ni zile zile, jaji katili, jaji anawavunja moyo watoto wa watu. Ian Mbugua alisemwa sana enzi za Tusker Project Fame, Salama Jabir na Master J wakasemwa Bongo Star Search (BSS), na kabla yao Simon Cowell alishachukiwa na nusu ya Marekani tangu American Idol inaanza 2002.

Wanaolalamika wana hoja na siipuuzi. Kijana katoka mkoani, kafikia kwa ndugu, kapanga foleni toka alfajiri, anaimba mistari miwili anaambiwa hapana mbele ya kamera, alafu klipu inazunguka miaka. Usaili wa William Hung wa American Idol uliporushwa mwaka 2004 dunia nzima ilimcheka. Na kuna majaji wanaoacha sauti wanaingia kwenye sura ya mtu, unene, nguo, hapo sina cha kuwatetea.

Ila hivi huyo asiyejua kuimba alifikaje mbele ya jaji? Kule American Idol wanajitokeza maelfu, wanasikilizwa kwanza na watu wa produksheni, majaji wenyewe wanaletewa wachache tu, wazuri sana na wabaya sana. Yani kuna mtu alimsikia, akajua kabisa huyu hawezi, akampongeza na kumpitisha ili kesho achekwe. Huyo hatumuoni kwenye skrini kwa hiyo hatumtukani.

Alafu kuna hela ya kura, hii ndo inanikera kuliko yote. Mashabiki wakituma SMS wanakatwa hela, mmoja anaweza kutuma hata ishirini usiku mmoja, kwa hiyo kila mtu pale ana faida ukiendelea kuamini mshiriki wako ni staa. Mtangazaji atakuambia piga kura umuokoe, hatakuambia kwamba leo katoka nje ya kii, yani kimo cha sauti ya wimbo, mwanzo mpaka mwisho. Anayebaki kusema ni jaji. Najua mtasema ukali wenyewe nao unauza, ni kweli unauza, lakini hilo halifanyi alichosema kiwe uongo.

Sikilizeni maneno yenyewe. Mshiriki kaanza wimbo juu mno, ubeti wa kwanza anaumudu, kiitikio kikifika pumzi imeisha, anaanza kupiga kelele. Jaji mpole anasema umependeza, una nyota, nakupenda, ukumbi unalipuka kwa makofi. Mkali anasema kii sio yako, shusha, na mabega yanapanda kila ukivuta hewa, ndo maana pumzi inaisha. Ukumbi unazomea, wakati huyo ndo kampa kijana kitu cha kufanyia kazi wiki nzima.

Na sisi wapiga kura tusijifanye watenda haki. Tusker Project Fame ilikuwa na washiriki wa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, na wengi wetu tulikuwa tunapigia kura bendera. Jennifer Hudson alitolewa American Idol 2004 akiwa wa saba, mwaka 2007 akabeba Oscar, tuzo ya filamu. Peter Msechu alipita BSS, 2010 akaenda Tusker Project Fame akamaliza wa pili, na jina lake lipo mpaka leo, wakati kuna washindi wa mashindano haya ambao ukiuliza walipo hakuna anayejua. Walipewa hundi na maua, shoo ikafungwa, na baada ya hapo hakuna tena mtu wa kuwaambia wimbo huu mbovu kaurudie.

Kwa hiyo mkitaka kuwalinda hao vijana wabaneni wenye shoo. Wasirushe usaili wa mtu waliyempitisha makusudi ili achekwe, na waseme wazi hela ya SMS inagawanywaje na mshiriki anapata shilingi ngapi.