Maziwa Yamekatika, Alhamdulillahi

Mwaka niliooa nilikuwa mtunza bustani kwa bibi mmoja wa Kitaliano hapa Malindi, mji ambao hata muuza madafu hukutupia "ciao" kabla ya kukuuliza hali. Mikono yangu ilikuwa kwenye maua, macho yalikuwa jikoni. Nikamwona bibi akipika tambi za jibini laini: unga, mayai, maziwa, ndimu, chumvi, basi. Nikasema moyoni, kumbe Uitaliano wenyewe ni sufuria mbili tu.

Mama mkwe alipokuja kutoka Mambrui, nikamwambia mke wangu, "Leo kaa kitako. Napika mimi." Akaniangalia, kisha akaenda kuhakikisha mkate upo.

Nikamimina unga gramu 400 kwenye kibao cha chapati, nikachimba shimo katikati, nikapasua mayai 4. Ukuta wa unga ukabomoka. Kiini kimoja kikateremka mezani kuelekea kwa mama mkwe, taratibu, kama mtu anayekwenda kumwamkia. Akakusanya buibui lake, akakipisha njia.

Nikakanda, nikasukuma, nikakata nyembamba, nikazianika kwenye kamba ya nguo uani.

Sasa jibini. Wataliano wenyewe huchukua maji yaliyobaki kwenye jibini jingine wakayapika upya, ndiyo maana wakaliita ricotta, yaani lililopikwa tena. Mimi nilipita njia ya mkato: maziwa lita 2 motoni, yakikaribia kuchemka unatia ndimu. Nikatia. Kimya. Nikatia nyingine. Mara mabonge meupe yakapanda juu, maji ya manjano yakabaki chini. Nikapiga ukelele:

"Yamekatika! Yamekatika!"

Mama mkwe akaja mbio, akachungulia, akashika kifua. "Pole, mwanangu. Ndiyo joto hili."

"La, Mama, nimeyakata mwenyewe."

"Makusudi? Lita mbili?"

Akamgeukia bintiye kwa jicho la mtu anayetaka kujua mahari ile inarudishwaje.

Ikabaki kuchuja. Kitambaa sikuwa nacho, ila kitini palikuwa na leso. Nikamimina, nikafunga fundo, nikaitundika kwenye bomba. Wanawake wote wa pwani wanajua leso isiyofuliwa hutoa rangi. Mimi si mwanamke. Nilipofungua baada ya nusu saa, jibini lilikuwa jekundu-jekundu kama ufizi, na ubavuni lina madoa meusi ya herufi. Leso yenyewe ilikuwa ya mama mkwe, mpya, hata kupindwa bado. Akaikunjua, akasoma jina lake kwa sauti: "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Akanitazama, hakuongeza neno.

Nikakimbilia uani, angalau tambi niziokoe. Kamba tupu! Kunguru watatu walikuwa juu ya paa, tambi zikiwaning'inia mdomoni kama masharubu. Zilizobaki zilikuwa mchangani, na paka alikuwa keshazionja akazikataa.

Usiku tulikula mkate kwa chai ya rangi, kwa sababu maziwa ndiyo hivyo tena.

Ukelele wangu ulikuwa umefika mtaa mzima. Baada ya isha jirani akabisha hodi, kikombe cha maziwa mkononi, kakifunika kwa kisahani. "Nasikia yenu yamekatika, poleni sana."

Nikanyoosha mkono kupokea. Mama mkwe akanitangulia.

"Huyu usimpe," akasema. "Nipe mimi."